Kwa nini chandarua kilichofaulu Muleba kilififia Misungwi? Nataka kuwaandikia watafiti, nisaidieni maswali

#1 Kijana wa Nyegezi

Salamu kwenu wote. Kuna utafiti ambao nimeusoma mara tatu na kila nikiumaliza nabaki na swali lile lile, kwa hiyo naomba tulijadili hapa kabla sijawaandikia wenyewe walioufanya. Ni ule wa vyandarua wa Wilaya ya Misungwi, ulioongozwa na Dkt. Jacklin Mosha wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pale Mwanza, ukachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022.

Maeneo 84 yalipangwa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi moja lilipewa chandarua cha kawaida chenye dawa ya kuua mbu ya jamii ya pairethroidi peke yake, na mengine matatu yakapewa chenye pairethroidi pamoja na kitu cha pili: PBO (kemikali inayoisaidia pairethroidi kumshinda mbu sugu), pairiproksifeni (inayomzuia mbu asizae) au klofenapiri (dawa nyingine ya kuua mbu). Baada ya miezi 24 watoto walipimwa. Walioonekana na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8 kwa chandarua cha kawaida, 40.7 kwa PBO, 37.5 kwa pairiproksifeni na 25.6 kwa klofenapiri.

Ushindi wa klofenapiri nimeuelewa. Ninachoshindwa kukielewa ni hiki cha PBO, kwa sababu miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2018, jarida hilo hilo lilichapisha utafiti wa Muleba, mkoani Kagera, ambako PBO ilifanya vizuri sana: baada ya miezi 9 asilimia 29 ya watoto walikuwa na vimelea, dhidi ya 42 kwa chandarua cha kawaida, na baada ya miezi 21 ilikuwa 45 dhidi ya 62. Ni ziwa lile lile la Victoria na nchi ile ile. Kilichobadilika ni nini?

#2 Ngosha

Jibu ni rahisi, kijana. Muleba nyumba zilipuliziwa dawa ukutani na Misungwi hazikupuliziwa. Chandarua cha PBO kilibebwa na upuliziaji, kilipoachwa peke yake kikaonyesha uwezo wake halisi.

#3 Mwalimu wa Hesabu

Ngosha, hapo umeteleza. Muleba walikuwa na makundi manne: chandarua cha kawaida, cha kawaida na upuliziaji, PBO, na PBO na upuliziaji. Kijana anapotaja 29 dhidi ya 42, analinganisha makundi mawili ya PBO yakiwa pamoja na makundi mawili ya kawaida yakiwa pamoja, na kila upande una kundi moja lililopuliziwa. Upuliziaji umekaa pande zote mbili za mizani, hivyo hauwezi kuwa ndio ulioibeba PBO. Utafiti ulipangwa hivyo makusudi ili kila kinga ipimwe kwa nguvu zake.

#4 Ngosha

Nimekubali, mwalimu, na ninakushukuru. Naona kalamu nyekundu huiweki chini hata shule zikifungwa.

#5 Mama Kulwa

Mimi sikusoma takwimu, lakini vyandarua ninavifahamu, kwa kuwa nimelea watoto watano kwenye ukanda huu wa mpunga. Chandarua cha bure kikifika mwaka wa kwanza kinaheshimiwa, kinafungwa vizuri na kila mtu anataka kulala ndani yake. Mwaka wa pili kimeshachanwa na msumari wa kitanda, panya wametoboa, watoto wanaolala chini kwenye mkeka wamekikanyaga, na wageni wa msibani walikichukua wakalale nje wakakirudisha na matundu. Baba akiona hivyo anakikata, kipande kinazungushia mchicha na kingine kinaanikiwa dagaa. Kwa hiyo mtafiti akirudi baada ya miezi 24 akasema chandarua kimeshindwa, mimi ningemuuliza kwanza: hicho ulichokipima kilikuwa bado kitandani?

#6 Kijana wa Nyegezi

Mama Kulwa, shikamoo. Swali lako limewagusa watafiti wenyewe. Hata Muleba watu waliosema walilala ndani ya chandarua walishuka kutoka asilimia 77 mwaka wa kwanza hadi 59 mwaka wa pili, na Misungwi pia matumizi yalipungua kadiri muda ulivyokwenda. Walipofuatilia uimara wa vyandarua vya Misungwi walikuta havifikishi ile miaka mitatu inayotarajiwa.

Lakini hapo ndipo ninapokwama. Kama Muleba nako matumizi yalishuka, mbona PBO ilibaki na nguvu mpaka mwezi wa 21?

#7 Mpenda Kemia

Nadhani tuanze kwa kuelewa PBO ni nini, maana wengi huita chandarua hicho "chenye dawa mbili", jambo ambalo si sahihi. PBO yenyewe haiui mbu kwa kiasi kinachowekwa pale. Mbu sugu ana vimeng'enya vinavyovunjavunja pairethroidi kabla haijafika kwenye mishipa yake ya fahamu, na kazi ya PBO ni kuvizuia vimeng'enya hivyo ili pairethroidi ipate nafasi ya kuua. Tuseme ni mtu anayemshika mikono adui wakati mwenzake anapiga.

Sasa, PBO hupotea kwenye nyuzi haraka kuliko pairethroidi inavyopotea. Ikishatoweka kwa kufuliwa na kwa muda, ulichobaki nacho ni chandarua cha kawaida chenye jina zuri. Kwa maoni yangu jibu la uzi huu liko hapo, na matundu ya Mama Kulwa ni nyongeza.

#8 Mkusanya Mbu

Nimefanya kazi ya kutega mbu kwenye tafiti za vyandarua kanda hii, ingawa si huo mnaoujadili. Mpenda Kemia, hoja yako ni nzuri lakini haijibu swali, kwa kuwa PBO ilikuwa inapotea kwenye nyuzi za Muleba pia, na aina ya chandarua ilikuwa ile ile.

Mimi ninamtazama mbu mwenyewe. Muleba wakati ule aliyetawala alikuwa Anopheles gambiae, anayezaliana kwenye vidimbwi vya muda vya mvua, nyayo za ng'ombe na alama za matairi ya trekta. Misungwi aliyetawala ni Anopheles funestus, anayependa maji ya kudumu yenye majani kandokando, kama malambo na mabwawa, kwa hiyo yeye hasubiri mvua na msimu wake ni mrefu. Anampenda binadamu kuliko mnyama, anapenda kuingia ndani, na usugu wake dhidi ya pairethroidi ni mkali. Mkipeleka kinga ile ile kwa maadui wawili wasiofanana msitegemee matokeo yafanane.

#9 Mpenda Kemia

Hapo naomba nikupinge kwa heshima. Usugu wa funestus katika ukanda wetu unatokana zaidi na vile vimeng'enya nilivyovieleza, wakati gambiae mara nyingi ana pia mabadiliko kwenye shabaha yenyewe ya dawa ndani ya mishipa ya fahamu, ambayo PBO haiwezi kuyagusa. Kwa mantiki hiyo PBO ingepaswa kufanya kazi vizuri zaidi kwa funestus wa Misungwi kuliko kwa gambiae wa Muleba. Maelezo yako yanalifanya fumbo liwe gumu zaidi.

#10 Mkusanya Mbu

Ni kweli, na ndiyo sababu sikusema ni kemia ya usugu peke yake. Nimetaja msimu na tabia. Nyumba inayotembelewa na mbu wengi mwaka mzima humchosha hata askari mzuri. Hilo ningependa watafiti waulizwe: je, waliwahi kupima vifo vya mbu wa pale pale Misungwi kwenye vyandarua vilivyotumika mwaka mmoja na miwili, gambiae na funestus kila mmoja peke yake?

#11 Mwalimu wa Hesabu

Mnabishana juu ya kilichoiua PBO kabla ya kuhakikisha kwamba ilikufa. Turudi kwenye namba.

Tofauti kati ya 45.8 na 40.7 ni ya macho. Watafiti waliporekebisha tofauti zilizokuwepo kati ya makundi tangu mwanzo, uwiano wa uwezekano wa maambukizi kati ya PBO na chandarua cha kawaida ulitoka 0.99, na 1 maana yake ni hakuna tofauti. Ila mtazame mipaka ya makadirio hayo: kuanzia 0.67 hadi 1.45. Data hizo zinaweza kukubaliana na PBO iliyopunguza uwezekano wa maambukizi kwa thuluthi, na pia na PBO isiyosaidia chochote. Watoto walikuwa zaidi ya elfu moja kwa kila kundi, lakini watoto wa kijiji kimoja wanaumwa na mbu wale wale, hivyo kihesabu kinachobeba uzito ni yale maeneo 21 ya kila kundi. Kwa klofenapiri uwiano ulikuwa 0.45 na mipaka yake ni 0.30 hadi 0.67, yote iko chini ya 1. Huyo ameshinda bila ubishi. PBO haikuthibitisha kushinda, na hilo halimaanishi imethibitika kushindwa.

#12 Ngosha

Mwalimu, wewe sasa umetunyang'anya hata fumbo lenyewe!

#13 Tabibu Mstaafu

Nimefuatilia kwa furaha kubwa, vijana wangu. Naongeza jambo ambalo wote mmelipita. Katika Misungwi hiyo hiyo PBO ilisaidia mwaka wa kwanza. Kilichoonekana dhaifu ni kipimo cha mwezi wa 24. Ukisema "PBO ilishindwa Misungwi" umelichukua pigo la mwisho la mchezo ukaliita mchezo mzima. Ukisema "PBO haikufika mwaka wa pili" umesema kitu cha kweli, na tena chenye manufaa kwa anayepanga ugawaji, kwa sababu atajiuliza kama avigawe kila baada ya miaka miwili badala ya mitatu.

Nakumbuka miaka ambayo wodi ya watoto ilijaa upungufu wa damu kila baada ya masika, watoto wawili kitanda kimoja. Vyandarua vya kawaida vilitutoa pale. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Nature yalisema kwamba tangu mwaka 2000 wagonjwa milioni 663 walizuiwa barani Afrika kwa kinga zote, na vyandarua vilichangia asilimia 68. Kwa hiyo ninaposoma kwamba chandarua kile kile leo kinawaacha watoto wapatao 46 kati ya 100 na vimelea, moyo unaniuma, kwa kuwa najua tulikotoka.

#14 Mwanakwale

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Sisi Kwale tulikuwa na utafiti wa aivamektini, uliochapishwa mwaka 2025, ambapo watu walimeza dawa mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu ili mbu akiwauma afe kwa damu aliyoinywa. Maambukizi mapya kwa watoto yalipungua kwa asilimia 26, juu ya vyandarua walivyokuwa navyo. Nimeutaja kwa sababu moja: kule mtaani swali kubwa halikuwa asilimia. Watu waliuliza, "Mbona mimi ninameza dawa ili mbu afe, ilhali mimi siumwi?" Swali hilo haliwezi kujibiwa na jedwali. Linajibiwa na mtu aliyekaa chini ya mwembe na kusikiliza. Mnapowaandikia watafiti wa Misungwi, waulizeni pia wao waliulizwa nini na wanavijiji, kwa sababu mara nyingi jibu la matumizi ya chandarua limo ndani ya maswali hayo.

#15 Mama Kulwa

Mwanakwale, Mungu akubariki, umesema lililokuwa moyoni mwangu. Miaka ya nyuma walikuja watu wa utafiti kwetu, siwataji, wakamtoboa mwanangu kidole, wakakuta malaria, wakampa dawa mseto na akapona. Kwa hilo nawashukuru. Nilitia alama ya dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa. Nikaambiwa matokeo yatarudishwa. Hayakurudi. Mwanangu sasa yuko kidato cha pili na mimi bado sijui chandarua tulicholalia kilikuwa cha aina gani, wala kama kilitusaidia kuliko cha jirani. Najua kuna mahali imeandikwa kwa Kiingereza kwamba watoto kadhaa walikuwa na vimelea, na wangu ni mmoja wao. Ningependa kuisoma sentensi hiyo.

#16 Mkusanya Mbu

Mama, nimelisoma hili mara mbili kabla ya kujibu. Ninavyoona mimi, nikiwa mtu niliyebeba mitego kijijini, mrejesho huishia njiani kwa namna hii: mkutano hufanyika ofisi ya kata, wanaalikwa watendaji na wenyeviti, wanaonyeshwa picha za michoro, wanakubaliana kwamba watapeleka habari vitongojini, halafu wanarudi kwenye mambo ya michango na mipaka ya mashamba. Fedha za mradi kwa wakati huo zimeshaisha na sisi wakusanyaji tumeshahamia kazi nyingine. Jambo jingine ni kwamba wanakaya hawaambiwi wakati wa utafiti wamepewa chandarua gani, ili ujuzi huo usibadilishe wanavyokitumia. Hilo ni sawa kisayansi. Lakini utafiti ukiisha hakuna sababu ya siri kuendelea.

#17 Tabibu Mstaafu

Niongeze kwamba makala yenyewe ya Misungwi ni bure kwa yeyote kuisoma mtandaoni, na huo ni ungwana. Kwa Mama Kulwa na wenzake, hata hivyo, mlango uliofunguliwa kwa Kiingereza bado una komeo. Mwandishi wa mawasiliano huweka anwani yake kwenye makala kusudi aandikiwe. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mtafiti mmoja kuhusu dozi katika utafiti wake wa upungufu wa damu, nikidhani sitajibiwa; alijibu kwa kurasa mbili na akakiri kwamba jedwali moja halikueleweka. Waandikieni, hawaumi.

#18 Mpenda Kemia

Kabla Kijana hajaandika, naomba swali la klofenapiri nalo liingie, kwa sababu ndiyo inayogawiwa sasa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza rasmi mwezi Machi 2023, baada ya utafiti wa Benin nao kuipa ushindi: Misungwi wagonjwa walipungua kwa asilimia 44 ndani ya miaka miwili, Benin kwa 46. Mbu wa Benin ni wa jamii ya gambiae na wa Misungwi ni funestus, kwa hiyo imewashinda wote wawili.

Uzuri wake ni kwamba haigusi mishipa ya fahamu kama pairethroidi. Inaingia ndani ya chembehai za mbu na kuzima mitambo inayotengeneza nguvu, na mbu hufa taratibu, pengine baada ya siku tatu. Na hapa kuna jambo linalonivutia kuliko yote: inapoingia mwilini bado si sumu kali, inageuzwa kuwa sumu na vimeng'enya vya mbu mwenyewe, na baadhi ni vya jamii ile ile inayovunja pairethroidi. Silaha ya mbu sugu ndiyo inayomwua. Ndiyo maana PBO na klofenapiri si marafiki: ukivizuia vimeng'enya, unaizuia klofenapiri isiamke. Nataka watafiti waulizwe nini kitatokea nyumba moja ikiwa na chandarua cha zamani cha PBO chumba hiki na cha klofenapiri chumba kile, mbu akavigusa vyote usiku mmoja.

#19 Ngosha

Hilo ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa humu, na ninasema hivyo nikiwa nimeshasahihishwa mara moja. Hata nyumbani kwangu vipo vya aina mbili.

#20 Kijana wa Nyegezi

Ahsanteni sana. Rasimu ya barua nimeianza na nimeamua kuiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa kiongozi wa utafiti yuko Mwanza na lugha hii ni yetu sote. Naanza na la Tabibu, kwamba udhaifu wa mwaka wa pili unatokana na nini hasa, kisha naweka maelezo yetu matatu yakiwa yamesimama pamoja bila kuchagua: PBO kuisha kwenye nyuzi, chandarua kuchakaa na kuondolewa kitandani, na funestus. Nitaomba pia watuambie kama walilinganisha watoto waliolala kweli ndani ya chandarua cha PBO kisichotoboka na wale wa chandarua cha kawaida kisichotoboka. La mwalimu kuhusu mipaka ya makadirio nitaliweka mwishoni.

#21 Mwalimu wa Hesabu

Usiliweke mwishoni, liweke mwanzoni. Ukianza na "kwa nini ilishindwa" utakuwa umeshajibu swali ambalo mimi bado naliuliza.

#22 Mkusanya Mbu

Na mimi nakataa funestus kuwa wa tatu. Ukimweka nyuma ya matundu, watakujibu kuhusu matundu.

#23 Mama Kulwa

Mkiwa mnapanga nani atangulie, jana nimeteremsha chandarua cha wanangu nikakihesabu matundu juani. Kumi na manne, na mawili yanapitisha ngumi. Lebo imefutika, siwezi kujua ni cha aina gani. Nimeyashona yote kwa uzi mweusi. Mwandikieni huyo dada wa Mwanza swali langu kama lilivyo: chandarua kikishashonwa, mbu sugu akitua juu yake, dawa iliyobaki bado inamtosha? Na akijibu, jibu lisomwe hapa kwa Kiswahili, nitalipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa kitongoji.